Bendera Iliyokufa na Nakala Isiyochakaa: Suala la Maadili katika Kunukuu Alama za Dola

Bendera ya dola haishonwi ili idumu. Hutwekwa asubuhi na kushushwa jioni, hupigwa na jua, hunyeshewa na mvua, upepo huuchana upindo wake wa nje, na baada ya muda hushushwa kwa mara ya mwisho na nyingine mpya kupandishwa mahali pake. Hakuna anayeiomboleza ile iliyochakaa. Dola iliyoituma kupepea bado ipo, na kitambaa kipya kinasema yale yale yaliyosemwa na kile cha zamani. Hali hubadilika dola yenyewe inapokufa. Hapo hakuna tena wa kutoa kitambaa kipya, na vile vilivyobaki huanza safari ya kabatini, jalalani au makumbushoni.

Hata hivyo, ipo biashara iliyostawi, hasa Marekani na Ulaya, ya kushona upya bendera za dola zilizokwisha kutoweka. Nakala hizi hutengenezwa kwa nailoni au poliesta, pindo zake hushonwa kwa mishono miwili hadi minne, upande wa mlingoti hutiwa utepe mzito wenye pete za shaba za kupitishia kamba, na mnunuzi huahidiwa kwamba rangi hazitapauka upesi juani. Huuzwa kwa watu wanaoitwa wapenzi wa historia na wakusanyaji. Makala haya yanachunguza suala la maadili linalozuka hapo: mtu anayeshona, kuuza, kununua au kutundika nakala imara ya bendera ya dola iliyokufa anafanya nini hasa, na ni kwa kiasi gani anawajibika kwa yale ambayo bendera hiyo iliyasema ilipokuwa hai? Suala hili limezoea kuachiwa wanasheria na wanasiasa. Ukweli ni kwamba kiini chake ni suala la usemi, na kwa hiyo mhakiki wa fasihi analo la kusema ambalo mwanasheria huenda asilione.

Yafaa kuanza na swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana la kitoto: nakala ya bendera ni nini? Katika kitabu chake cha mwaka 1968 kuhusu lugha za sanaa, mwanafalsafa Nelson Goodman alizitenga sanaa ambazo zaweza kughushiwa na zile ambazo haziwezi. Mchoro wa rangi waweza kughushiwa, kwa maana upo mmoja tu uliotoka mkononi mwa mchoraji. Shairi haliwezi kughushiwa kwa njia hiyo. Kila nakala iliyoandikwa sawasawa ni shairi lenyewe, iwe imepigwa chapa Nairobi au imeandikwa kwa mkono kule Lamu. Bendera ya dola iliyo hai iko upande wa shairi. Sheria hutaja rangi, vipimo na mpangilio, na kila kitambaa kinachotimiza masharti hayo ni bendera yenyewe kwa ukamilifu wake. Hakuna bendera ya Kenya ya asili iliyofichwa mahali fulani ambayo nyingine zote ni vivuli vyake.

Je, sheria hiyo inapokufa? Hapa ndipo mfano wa shairi unapogoma. Shairi huendelea kuwa shairi hata mtunzi akifa, hata lugha yake ikiacha kusemwa. Bendera hupoteza kile kilichoifanya iwe zaidi ya kitambaa, yaani mamlaka yanayoitambua. Siku dola inapokoma, vitambaa vyake hugawanyika makundi mawili kwa ghafla. Kuna vile vilivyowahi kupepea kwa amri ya dola hiyo, ambavyo sasa ni masalia, na vyaweza kughushiwa kama mchoro wa rangi. Kisha kuna vinavyoshonwa baadaye. Hivi vya pili haviwezi kuitwa bendera kwa maana ya awali, kwa kuwa hakuna mwenye uwezo wa kuvifanya bendera. Wala haviwezi kuitwa masalia, kwa kuwa havikuwapo wakati wa tukio. Yaelekea jina linalovifaa zaidi ni nukuu. Anayeshona leo bendera ya dola iliyokufa jana ananukuu usemi wa marehemu.

Ikiwa ni nukuu, basi kanuni ambazo wasomaji na wahakiki wanazifahamu sana zinaanza kufanya kazi. Kulitaja neno ni jambo moja na kulitumia ni jambo jingine. Mwalimu anayeandika tusi ubaoni ili kueleza asili yake hajamtukana mwanafunzi yeyote. Anayemkabili mwanafunzi huyo uani na kumtupia neno lilo hilo amemtukana, hata kama hakubadilisha herufi. Katika riwaya ya Kasri ya Mwinyi Fuad ya mwaka 1978, Shafi Adam Shafi anaturudisha katika Unguja ya mabwanyenye na kuwaacha wazungumze kwa kiburi chao chote. Hakuna msomaji mwenye akili timamu anayemshtaki mwandishi kwa kauli za bwanyenye wake. Riwaya nzima ni alama za kunukuu zilizomzunguka Fuad. Ukizing'oa kauli hizo kutoka humo na kuzibandika ukutani mwa nyumba inayotazama makao ya watu ambao babu zao walilima mashamba ya mikarafuu, zinakuwa zako.

Bendera haina alama za kunukuu zilizoshonwa ndani yake. Alama hizo hutoka nje: kioo cha kabati, kibandiko cha maelezo, mwanga hafifu wa chumba cha makumbusho, ukurasa wa kitabu cha historia, jukwaa la mchezo wa kuigiza. Mlingoti ni kinyume cha hayo yote. J. L. Austin, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake, alionyesha kwamba kuna semi ambazo kuzitamka ni kutenda: kuahidi, kuapa, kukipa chombo jina. Kutweka bendera ni mojawapo ya vitendo vya usemi vya aina hiyo, ingawa hakitumii maneno. Anayetweka hasemi kwamba dola fulani ilikuwepo. Anatangaza kwamba ipo, au kwamba inastahili kuwapo. Waswahili husema bendera hufuata upepo, na kwa kawaida methali hiyo hutumiwa kumkejeli asiye na msimamo. Lakini upepo hauichagui bendera. Kabla ya upepo kuna mkono uliofunga kamba.

Kutokana na hoja hii, sifa ambayo wauzaji huitaja kwa fahari kubwa, yaani uimara, inageuka kuwa ushahidi. Nukuu iliyo ndani ya kabati haihitaji mishono minne pembeni. Kibandiko cha makumbusho hakipambani na dhoruba. Kitambaa kilichotengenezwa kustahimili jua na tufani miezi mingi, chenye pete za shaba za kufungia kamba, kimeshonwa kwa ajili ya mlingoti, na mlingoti ndio mahali ambapo nukuu inageuka kuwa tamko. Mtengenezaji aweza kuandika kwenye pakiti kwamba bidhaa yake ni ya wakusanyaji. Pete za shaba zinasema jingine. Katika uhakiki tumezoea kuuamini umbo kuliko dibaji ya mwandishi, na hakuna sababu ya kuacha desturi hiyo mbele ya kitambaa.

Wapo watakaosema kwamba mkusanyaji hutaka kitu kinachodumu kwa sababu tu anakipenda. Hoja hii ina mashiko kiasi, lakini haimwelezi mkusanyaji wa kweli. Yafaa kuitazama bendera kubwa ya Marekani iliyopepea juu ya ngome ya Fort McHenry, Baltimore, Septemba 1814, ambayo sasa imo katika makumbusho ya taifa mjini Washington. Iliposhonwa na Mary Pickersgill mwaka 1813 ilikuwa na urefu wa futi 42. Leo imebakiwa na futi 34 hivi. Sehemu iliyopotea haikuliwa na upepo peke yake. Familia ya kamanda wa ngome, iliyoirithi, ilikuwa ikikata vipande na kuwapa watu kama kumbukumbu, na mojawapo ya nyota zake 15 ilikatwa ikatolewa. Sasa sufu na pamba yake vinalindwa katika chumba cha giza, kwenye mwanga hafifu kabisa, kwa sababu mwanga wenyewe unaimaliza. Kitambaa kile kinasema mengi kwa sababu ya kile kinachokosekana. Tundu la nyota iliyokatwa ni ushahidi kuhusu jinsi karne nzima ilivyoipenda bendera hiyo hadi kuijeruhi.

Nakala inayouzwa dukani ina nyota zote 15 na futi zote, kwa vipimo vilivyopunguzwa. Ni kamili kuliko asili yake. Walter Benjamin, katika insha yake maarufu ya mwaka 1936, alitarajia kwamba uzalishaji wa nakala kwa mashine ungeikomboa kazi ya sanaa kutoka katika ibada na kuipeleka katika uwanja wa siasa ya watu. Kwa picha na filamu huenda alikuwa na haki. Kwa bendera mambo yamekwenda kinyume. Salio lililochakaa haliwezi kuabudiwa mlingotini, maana lingesambaratika. Ni nakala mpya, isiyo na doa, inayoweza kurudishwa ibadani. Nailoni ndiyo iliyozirejeshea dola zilizokufa mwili wa kupepea.

Wanawake wa pwani ya Afrika Mashariki wanalifahamu jambo hili kutokana na kanga, ambayo nayo ni kitambaa chenye usemi. Kanga hupauka, hugeuka mbeleko, kisha tambara la jikoni, na usemi wake huenda pamoja nayo. Hakuna anayeona kwamba jina la kanga limesalitiwa kwa kuchakaa. Kufa kwa kitambaa ni sehemu ya adabu ya kitambaa.

Lililo hatarini katika mjadala huu si la kinadharia. Tarehe 17 Juni 2015, kijana wa Kizungu aliingia katika kanisa la Emanuel mjini Charleston, jimbo la South Carolina, akaketi na waumini Weusi waliokuwa wakisoma Biblia, kisha akawaua tisa kati yao kwa bunduki. Picha yake iliyosambazwa baadaye ilimwonyesha amevaa koti lililoshonewa kifuani beji mbili za bendera. Moja ilikuwa ya Afrika Kusini ya rangi ya chungwa, nyeupe na buluu, iliyopepea kuanzia 1928 hadi 1994. Nyingine ilikuwa ya kijani na nyeupe ya Rhodesia, iliyoanza kutumiwa Novemba 1968, miaka mitatu baada ya walowezi kujitangazia uhuru wao wa upande mmoja, na ambayo ilikwisha kushushwa mwaka 1979.

Muuaji huyo alizaliwa Aprili 1994. Bendera ya Rhodesia ilikuwa imekufa miaka 15 kabla ya yeye kuzaliwa, na ile ya Afrika Kusini ilishushwa mwezi ule ule wa kuzaliwa kwake, tarehe 27, Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza. Hakuwa raia wa nchi yoyote kati ya hizo mbili. Hakuwa na cha kukumbuka kuhusu Salisbury wala Pretoria. Kwa hiyo tetesi kwamba nakala za bendera hutunza kumbukumbu hazielezi kilichokuwa kwenye koti lile. Beji zile zilimpa hamu ya dola asizozijua, dola ambazo zilikuwa zimesafishwa na utengenezaji upya: zisizo na jela, zisizo na pasi, zisizo na makaburi ya watoto wa Soweto, rangi tupu zilizo safi kuliko zilivyopata kuwa. Nukuu iliyokatwa kutoka katika muktadha wake ilikuwa imeangukia mikononi mwa msomaji ambaye hakutaka muktadha huo.

Afrika Kusini yenyewe imelazimika kulijibu swali hili mahakamani. Kufuatia ripoti kwamba bendera ya zamani ilionyeshwa katika maandamano ya Oktoba 2017 ya kupinga mauaji ya wakulima, Mfuko wa Nelson Mandela ulikwenda katika Mahakama ya Usawa, huku shirika la AfriForum likipinga. Mnamo Agosti 2019 Jaji Phineas Mojapelo aliamua kwamba kuionyesha bendera hiyo bila sababu ya maana ni matamshi ya chuki. Hakuipiga marufuku kabisa. Aliacha mlango wazi kwa sanaa, taaluma, uandishi wa habari na mambo mengine ya manufaa kwa umma. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Rufaa ilikubali kwamba kuionyesha hadharani bila sababu kama hiyo ni matamshi ya chuki.

Watetezi wa bendera hiyo walikuwa na hoja mbili zinazofaa kupimwa. Ya kwanza ni kwamba bendera haina maneno, na matamshi ya chuki ni lazima yawe maneno. Kwa mwanafunzi wa isimu au fasihi hoja hii haihitaji jibu refu. Ishara ni usemi, na usemi usio na maneno mara nyingi ndio unaosikika mbali zaidi. Ya pili ni nzito. Bendera ile ilianza mwaka 1928, miaka 20 kabla ya chama cha National kuingia madarakani na kuuasisi rasmi ubaguzi wa apartheid mwaka 1948. Katikati yake zilikuwemo bendera tatu ndogo, ya Uingereza na za zile jamhuri mbili za Makaburu, ambazo zilikusudiwa kuwapatanisha maadui wa vita vya 1899 hadi 1902. Kwa nini basi ibebe dhambi ya mfumo uliozaliwa baada yake?

Jibu lamo ndani ya hoja yenyewe. Upatanisho uliochorwa katikati ya kitambaa kile ulikuwa baina ya Wazungu na Wazungu. Waafrika, Machotara na Wahindi, ambao ndio waliokuwa wengi, hawakuwamo hata kama kijialama. Kwa hiyo apartheid haikuichafua bendera iliyokuwa safi. Ilikamilisha sentensi ambayo bendera ilikuwa imeianza. Aidha, maana ya ishara haifungwi na nia ya aliyeibuni. Hutajirika au huoza kulingana na matendo yanayofanywa chini yake, na kwa miaka 46 yalitendwa mengi.

Hata mahakama, hata hivyo, haikuweza kuzilinda alama za kunukuu dhidi ya ujanja. Saa chache baada ya hukumu ya 2019, mmoja wa viongozi wa AfriForum aliiweka picha ya bendera hiyo mtandaoni pamoja na swali kama kwa kufanya hivyo alikuwa ametenda matamshi ya chuki. Alijitetea kwamba yeye ni mwanataaluma anayeuliza swali la kitaaluma. Mfuko ulimrudisha mahakamani kwa madai ya kuidharau amri, na ombi lake halikufaulu. Kisa hiki kinafundisha zaidi kuliko hukumu yenyewe. Yule bwana alifahamu fika tofauti kati ya kutaja na kutumia, na aliitumia tofauti hiyo kama ngao ili atumie huku akidai anataja. Kibandiko chaweza kusema uongo. Kinachoitofautisha nukuu ya kweli na ya hila ni kazi ambayo nukuu hiyo inaifanya katika hoja inayoizunguka: ukiiondoa bendera katika makala ya mwanahistoria, makala hupungukiwa, ukiiondoa katika swali la yule bwana, hakuna kinachobaki.

Pingamizi linalotajwa mara kwa mara ni kwamba kuzuia nakala ni kufuta historia. Yanayotokea huko Marekani yanaonyesha kwamba woga huu umetiwa chumvi. Mwaka 2020 jimbo la Mississippi liliishusha bendera iliyokuwa nayo tangu 1894, yenye nembo ya vita ya majimbo ya Kusini kwenye pembe, na vitambaa vilivyoshushwa vikakabidhiwa makumbusho ya jimbo. Bendera haikufutwa, ilihamishwa kutoka katika wakati uliopo kwenda katika wakati uliopita, ambalo ni tendo la kisarufi kabla ya kuwa la kisiasa. Kisa cha South Carolina kinachekesha zaidi, kama kicheko kinaruhusiwa. Wiki tatu hivi baada ya mauaji ya Charleston, bendera ya vita ya Kusini iliyokuwa katika uwanja wa jengo la bunge la jimbo ilishushwa kwa heshima na kupelekwa makumbushoni, na mjadala mrefu ukazuka kuhusu fedha za kuihifadhi. Bendera yenyewe ilikuwa ya nailoni. Haikuwahi kuona vita vya 1861 hadi 1865, kwa kuwa nailoni ilikuwa bado haijabuniwa. Ilikuwa nakala ya dukani iliyogeuka salio halali siku iliposhushwa, salio la mwaka 2015.

Pingamizi jingine ni gumu zaidi, na makala haya hayaoni njia ya kulikwepa. Dola zote zimemwaga damu. Ikiwa bendera ya dola iliyokufa yatakiwa kuzungushiwa alama za kunukuu, kwa nini isiwe hivyo kwa zilizo hai? Tofauti iliyopo ni hii. Bendera iliyo hai ina mwenyewe anayeweza kuulizwa. Raia anaweza kuishtaki dola yake, kuiandamania, kuipigia kura, kudai fidia, kusubiri tume ya ukweli, hata akikatishwa tamaa na yote hayo. Nyuma ya bendera iliyokufa hakuna ofisi wala mlango wa kubisha. Wakili wake pekee ni yule aliyeipandisha. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa dola imekufa, bendera yake imekuwa pambo lisilo na uzito. Mambo ni kinyume: askari aliyeitweka mwaka 1970 alikuwa na serikali ya kumbebea sehemu ya lawama, na anayeitweka leo anabeba lawama yote peke yake, kwa kuwa amechagua bila kuamriwa.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, mfano ulio karibu zaidi hauna wazi wa aina hiyo. Kwa makubaliano ya Desemba 1895 kati ya Uingereza na Sultani Hamad bin Thuwaini wa Zanzibar, ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa chini ya utawala wa Waingereza huku enzi yake ikibaki ya Sultani. Ndiyo sababu bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu mjini Mombasa hata Waingereza walipokuwa wameigeuza ngome hiyo jela. Mwaka 1961 kamishna James Robertson alipendekeza ukanda huo uunganishwe na Kenya. Oktoba 1963 Sultani akaachilia enzi yake. Na mnamo Desemba bendera nyekundu ikawa ya dola ambayo, upande huu wa bahari, haipo tena. Zanzibar nayo iliongeza duara la kijani na karafuu mbili katika bendera yake ya uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963, ikadumu siku 33, hadi Mapinduzi ya 12 Januari 1964. Bendera iliyoishi siku 33 ni lulu kwa wauzaji wa nakala, na yamkini vitambaa vya karafuu mbili vilivyoshonwa tangu wakati huo vimevipita kwa mbali vilivyopepea.

Lakini ile nyekundu ya Mombasa inaisumbua nadharia nzima iliyotolewa hapo juu, na yafaa isumbue. Haikuwa na alama yoyote. Ilikuwa kitambaa chekundu kitupu. Kila doti ya kitambaa chekundu katika duka la Biashara Street ni nakala yake kamili, na hakuna hata moja iliyo nakala yake hadi mtu aseme kwamba ni yenyewe. Hapa uimara wa nailoni na pete za shaba havithibitishi kitu. Kinachobaki ni tendo tupu: nani ameitundika, wapi, ikimtazama nani. Hoja kwamba suala ni la usemi na wala si la kitambaa inapata hapa mfano wake ulio safi kuliko wote, kwa gharama ya kupoteza ushahidi wa kitambaa.

Na usemi huo una wasikilizaji wawili wasiokubaliana. Kwa wale waliodai Mwambao katika miaka ya mwanzo ya sitini, na kwa vijana wa miaka ya 2010 waliofufua mikataba ya 1895 na 1963 wakisema Pwani si Kenya, bendera nyekundu ni hati ya madai: yasema kwamba palikuwa na enzi hapa kabla ya Nairobi, na kwamba watu wa hapa walipokezwa kutoka mkono mmoja hadi mwingine bila kuulizwa. Malalamiko hayo juu ya ardhi na heshima ni ya kweli, na anayeyapuuza kwa kuwa yamevaa rangi ya Sultani hajayasikiliza. Ng'ambo ya maji ya bandari ya kale, huko Kisauni, ipo Frere Town, makao yaliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Kengele iliyowaonya juu ya wavamizi bado imening'inia pale, na mahali penyewe panaitwa Kengeleni. Hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika ukanda wa Sultani wa pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Mjukuu wa Kengeleni akiiona rangi nyekundu ikipanda mlingoti upande wa pili wa maji, hasomi hati ya madai.

Mtu wa Mombasa anayetaka kuitundika bendera hiyo barazani mwake, ndani ya fremu yenye kioo, ana haki ya kufanya hivyo, na pengine ana wajibu, maana vitabu vingi vya shule huipitia pwani kwa aya moja. Ugumu uko kwenye kibandiko. Akiandika tarehe peke yake, 1895 hadi 1963, atakuwa ameandika kile ambacho Waingereza wangeandika. Akiandika kwamba ni bendera ya enzi ya watu wa pwani, wa Kengeleni watamuuliza ni watu gani. Akiandika kwamba ni bendera ya mabwana wa watumwa, jirani yake ambaye babu yake alinyang'anywa shamba baada ya 1963 atamuuliza kama dhuluma huanza na kuisha kwa rangi moja. Huenda akalazimika kumwita mmoja kutoka kila upande wa maji, wakae barazani, na maneno yaandikwe kwa mikono miwili, kabla ya msumari kupigwa ukutani.